Alichosikia Bi. Asia

Sajenti Skolastika Ntahondi alifika Maktaba ya Rusimbi akiwa hajatia hata kikombe cha chai mdomoni, na tangu azaliwe kule Heru Juu alikuwa hafai kitu kabla ya chai. Upepo wa ziwani ulikuwa unayacharaza mabati toka alfajiri, unanyamaza kidogo, kisha unarudi na hasira zake. Uani vijana walijaa tele, hawa wanasukumana, wale wanalaumiana, wengine wanalia machozi ya kweli. Wageni rasmi walitazamiwa saa nane. Viti vyao vya mbele vilikwisha kuvikwa vitambaa, na hapakuwa na filamu hata moja ya kuwaonyesha.

"Ni wizi, afande," alisema Bi. Asia Haruna, mkuu wa maktaba, akimpokea mlangoni. "Mwizi tumemkamata na amekiri kwa mdomo wake. Wewe ni kumchukua tu."

"Basi kama kazi mmeimaliza wenyewe, mimi mmeniitia nini?"

Bi. Asia hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, amejifunga kanga juu ya gauni lake la kazi, na mji mzima kuanzia Ujiji hadi Katubuka ulimwita Mama Maktaba. Tamasha hili la filamu za vijana lilikuwa lake. Alilipigania akiambiwa kwamba maktaba ni mahali pa kusoma, si pa sinema, na safari hii alikuwa amefanya ambalo wengi hawakulipenda: alikuwa amewaalika na vijana wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Ilikuwa miaka ile ambayo Warundi walikuwa wamejaa tena kambini, na maneno juu yao yalikuwa mengi mjini.

Alieleza mambo kwa mpango. Filamu zote vijana walizipiga kwa simu, na zote zilikusanywa kwenye flashi moja. Simu zao zilikuwa zimejaa, kwa hiyo kila aliyekabidhi filamu yake aliifuta kwenye simu ili apate nafasi. Kompyuta ya maktaba ilikuwa na virusi, hakuna aliyethubutu kuichomekea kitu. Asubuhi hiyo walifanya majaribio. Ukumbi ulifungwa mapazia meusi, flashi ikachomekwa kwenye projekta, na filamu ya pili ilikuwa katikati umeme ulipokatika.

"Giza totoro. Watoto wakapiga kelele. Taa ziliporudi, flashi haipo. Nikafunga mlango, nikakagua mmoja mmoja. Huyu binti wa kambini, Ella Irambona, alikuwa nayo mkononi, ameifumbata. Tukaichomeka, tupu! Kafuta kazi ya wenzake yote."

"Alisemaje?"

"Nilimuuliza mbele ya watu, umeipata wapi? Akasema, nimeitoa pale kwenye mashine. Wote wamesikia."

"Na kwa nini afanye hivyo?"

"Alikuwa na kinyongo na Saad, mtafsiri wetu wa filamu. Muulize Saad mwenyewe."

Skolastika alimtazama yule mama kidogo, kisha akaingia ndani. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alijisemea, lakini kuku mgeni naye huweza kula mtama wa watu. Angeona.

Ella alikuwa amekaa ofisini kwa Bi. Asia, kwenye kiti cha plastiki, akilindwa na Konstebo Anatoli. Alikuwa na miaka kumi na sita, mwembamba, kajitanda kitenge kilichopauka, macho yamevimba. Dereva wa gari la kambini alikwisha kuchungulia mara kadhaa dirishani. Kibali cha kundi lao kilikuwa cha kurudi kabla ya jua kuzama. Kesi ikifunguliwa, gari lingeondoka bila Ella, yeye angelala mahabusu, na hakuna kijana mwingine wa Nyarugusu ambaye angepewa ruhusa ya kukanyaga mjini kwa ajili ya jambo kama hili. Hilo Ella alilijua kuliko mtu yeyote chumbani.

"Toka nije hasemi," alisema Anatoli. Huyu alikuwa mtu wa Songea, amehamishiwa Kigoma mwezi uliopita, na bado alikuwa anashangaa ukubwa wa migebuka, samaki wa ziwani. "Analia tu."

Skolastika aliichukua ile flashi mezani akaigeuza geuza. Ilikuwa nyekundu, mpya, haina hata mkwaruzo.

Ella alisema kitu kwa sauti ndogo, bila kuinua kichwa. "Mfise inyota."

Anatoli alicheka. "Umemsikia, afande? Anataka kuwa nyota! Binti, nyota wa filamu haanzi kwa kuiba."

"Hebu nyamaza, Anatoli," alisema Skolastika, akili yake bado ikiwa kwenye flashi.

Bi. Asia, aliyekuwa amekaa nyuma ya meza yake, aliinuka, akamimina maji kwenye glasi kutoka kwenye jagi lililokuwa juu ya kabati, akampa binti. Ella aliyanywa yote bila kupumua. Skolastika alingoja amalize, akavuta kiti karibu.

"Ntugire ubwoba," alimwambia. Usiogope. Kiha cha Heru Juu na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, na binti aliposikia maneno yale aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Sasa sema kwa Kiswahili, ili na mwenzangu asikie. Flashi uliipata wapi?"

"Nimeitora," alisema Ella. "Nimeitora pare kwenye mashini."

"Haya, si umesikia?" alisema Bi. Asia.

"Nimesikia. Ella, uliitora juu ya mashine au chini?"

"Hasi. Chini. Chini ya meza. Kitu kimenigonga ku mguu, nikainama, nikaitora. Nirikuwa nairetea mama huyu."

Skolastika aliegemea kiti, akapuliza pumzi ndefu. "Anatoli, andika. Kutora ni kuokota. Binti hakusema ameitoa mashineni. Amesema ameiokota chini. Nyumbani kwangu ukimwambia mtoto atore kuni haendi kuzitoa, anaziokota."

"Lahaula!" Bi. Asia alishika mdomo. "Mimi masikio yangu yalisikia nimeitoa. Sisi watu wa Ujiji tena, Kirundi tutakijulia wapi? Lakini afande, flashi si tupu? Aliyeifuta nani?"

Swali lilikuwa la haki. Skolastika alilichukua akatoka nalo.

Alimkuta Saad ukumbini, amekaa kwenye jukwaa dogo mbele ya kitambaa cheupe, anazungusha kipaza sauti mkononi kama mtu asiye na kazi. Saad alikuwa na banda la video Ujiji. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya filamu ya kigeni na kuitafsiri kwa Kiswahili palepale, maneno ya kwake na ya mwenye filamu yakienda pamoja, na watu walimpenda zaidi kwa yale ya kwake. Bi. Asia alimkodi atafsiri filamu zenye Kiha na Kirundi.

"Unajua Kirundi?" Skolastika alimuuliza.

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Cha kununulia muhogo." Saad alikuna kichwa. "Nisikufiche, sista. Jana tulipojaribu filamu ya yule mtoto niliweka maneno yangu. Kuna bibi anaongea humo, mimi nikasema anagombana na mkwe wake juu ya mgebuka. Ukumbi ukavunjika mbavu. Binti akalia, akanijia juu, akasema bibi haongei samaki. Nilimkosea, nakubali."

"Bibi alikuwa anaongea nini?"

"Ningejua ningetafsiri."

"Umeme ulipokatika ulikuwa wapi?"

"Hapahapa nilipokaa. Niliendelea kupiga hadithi gizani watoto wasikanyagane. Muulize yeyote, sauti yangu haikukoma."

Wale aliowauliza uani walisema hivyohivyo, tena kwa kumwigiza. Projekta ilikuwa nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na mlango wa kuingilia ofisini na stoo ya magazeti. Kutoka jukwaani mpaka pale Saad angelazimika kuwakanyaga nusu ya vijana wa Kigoma.

"Flashi hizi mlizipata wapi?"

"Pakiti moja, zote nyekundu. Mama Maktaba alinipa moja ya kuwekea miziki, hii hapa." Aliivuta shingoni, ilikuwa imefungwa kamba ya kiatu. "Moja ndiyo ya filamu. Zilizobaki anazo mwenyewe kabatini."

Skolastika alisimama nyuma ya projekta, akaizima, akaiwasha, akaizima tena. Jambo lilikuwa linamkera na alitaka kuona linakera wapi. Flashi haifutiki gizani. Umeme ulikatika, na uliporudi tu mlango ulifungwa, na Ella akakutwa ameifumbata. Aliifutia kwenye nini? Hakukuwa na mahali. Basi haikufutwa. Ilikuwa tupu tangu mwanzo, na ya filamu ilikuwa nyingine, haijaonekana bado. Mtu alikuja na flashi tupu ili aichomeke mahali pa ile iliyojaa. Taa zingerudi, projekta ingeonyesha hakuna kitu, watu wangelaani umeme kuwa umeunguza flashi, kama wanavyoulaani kila siku kwa redio na friji zao, na maneno yangeishia hapo. Ila gizani ile tupu ilimponyoka, ikaanguka chini, ikamgonga Ella mguuni.

Lakini mtu huyo alijuaje kwamba umeme utakatika?

Alivuka barabara. Telesphory kinyozi alikuwa anamnyoa mzee mmoja ndevu, na mashine yake ilikuwa inanguruma.

"Shikamoo mzee," alimsalimu mteja, kisha kwa kinyozi, "umeme ulirudi saa ngapi kwako?"

"Ulikuwa umekwenda wapi?" aliuliza Telesphory. "Leo haujakatika hata kidogo, afande. Nimenyoa vichwa mfululizo toka nifungue. Ungekatika ningeacha watu na nusu ya nywele."

Skolastika alirudi maktabani kwa haraka, akafungua stoo ya magazeti. Swichi kuu ilikuwa ukutani, nyuma ya mlango. Vumbi lilifunika kila kitu mle, magazeti, rafu, hata waya, ila pale juu ya mkono wa swichi palikuwa safi. Kutoka pale hadi kwenye projekta ni hatua za mtoto. Mtu anayeujua ukumbi angekwenda na kurudi amefumba macho.

Anatoli alimfuata na chupa ya soda mkononi. "Afande, wageni wameanza kuingia. Yupo mkuu wa elimu, yupo na bwana mmoja wa uhamiaji, kakaa mbele kabisa. Na yule binti nimemnunulia soda, namwonea huruma. Kumbe ni kweli anataka unyota, eti filamu yake ndiyo ya kufunga tamasha."

"Unyota gani?"

"Si alisema ana nyota?"

"Alisema ana kiu, Anatoli. Inyota ni kiu."

"Loo!" Konstebo alicheka kwa kujionea aibu. "Usilolijua ni usiku wa giza. Afadhali Mama Maktaba alimwelewa, mimi ningemwacha akauke."

Skolastika aliganda na mkono wake juu ya swichi. Neno lile yeye alilinyonya pamoja na maziwa, ndiyo maana lilimpita bila kumgusa. Alikuwa amesikia kiu, akaona maji yanaletwa, akaona ni sawa. Alijikasirikia sana.

"Kamlete Bi. Asia ofisini," alisema. "Na wewe ukae nje."

Bi. Asia aliingia akitabasamu tabasamu la kupokelea wageni. Skolastika hakumkaribisha kiti.

"Asubuhi yule binti aliomba nini, ukampa maji?"

"Mtoto analia, afande. Nani asiyejua kwamba anayelia anahitaji maji?"

"Alilia toka mlipomkamata. Jagi lilikuwa hapo juu, hukuligusa. Uliinuka aliposema mfise inyota. Mwenzangu alidhani anataja nyota, kwa sababu ndivyo asikiavyo asiyejua. Wewe ulimimina maji."

"Watu wa Ujiji tunaokota maneno mawili matatu sokoni."

"Umeokota kiu ukaacha kutora? Neno ambalo Warundi wanalitumia siku nzima?" Skolastika alisogea. "Umeme haukukatika. Swichi ilizimwa stoo. Flashi tupu ilitoka kwenye kabati lako. Na mtoto alipokwambia ameiokota ulimwelewa vizuri, ukaligeuza neno lake mbele ya watu. Nilidhani umesikia vibaya, nikakuhurumia. Ya filamu iko wapi?"

Bi. Asia alilivuta pindo la kanga yake, akafungua fundo lililokuwa pale, akaiweka flashi nyekundu mezani.

"Zote zimo," alisema. "Sikutaka kuwapotezea watoto kazi. Ningeifuta moja usiku, kesho ningesema nimekuta nakala ya nyingine zote kabatini."

"Ya Ella."

"Yule bibi wa kwenye filamu ni mama yangu."

Akakaa bila kukaribishwa. Alieleza akitazama sakafu. Mama yake alivuka ziwa kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, mume ameuawa, mimba tumboni. Mzee Haruna wa Ujiji alimwoa, akamwita Bi. Fatu, akamlea mtoto kama wa damu yake. Nyumbani Kirundi kilisemwa mlango ukiwa umefungwa, na nje hakikusemwa kabisa. Asia alisoma, akaajiriwa serikalini, akajaza kila mahali kwamba kabila lake ni Mmanyema wa Ujiji. Hakuna aliyemuuliza. Sasa watu walikuwa wanaulizwa uraia wao, mtaa kwa mtaa, na yeye mwenyewe alikuwa amemwalika bwana wa uhamiaji akae mstari wa mbele.

"Niliiona juzi tukipanga ratiba. Mama anaongea wazi, anataja na kilima alikozaliwa. Saad alipoweka upuuzi wake nilishukuru Mungu. Lakini mtoto akadai yaandikwe maneno ya kweli chini ya picha kabla ya kufunga tamasha. Ningefanyaje?"

"Ungemwacha aende mahabusu?"

"Ningemwacha," alisema Bi. Asia, na machozi yakamtoka. "Usiniulize tena. Ningemwacha."

Skolastika alifungua mlango, akamwita Ella, akampa flashi mkononi.

"Uko huru. Hii ni ya wote. Ila kuna swali nalitaka kabla hujaipeleka. Bibi wa kwenye filamu yako, nani alikupeleka kwake?"

"Hakuna." Ella aliwatazama wote wawili, hajui kosa jipya ni lipi. "Tumetembezwa Katonga kuona samaki. Nirikuwa naongea na mwenzangu, bibi akanishika mkono, akaria. Akasema, mwanangu, nipige picha nikiongea. Akasema anazeeka, na watoto wake hawajui jina rake."

"Mimi ninalijua," alisema Bi. Asia.

"Akasema binti yake anarijua, rakini hajawahi kumwita mama kwa Kirundi mbere ya watu. Hata siku moja." Ella alitazama uso wa yule mama, pua na paji la uso, akaelewa. "Mbabarira," alisema. Nisamehe.

Bi. Asia alijifuta uso kwa kanga. "Nenda," alimwambia. "Wageni wamengoja sana. Mwambie Saad afunge mdomo filamu yako ikifika. Mwambie nimesema mimi."

Binti alikwenda. Skolastika alifunga mlango, akavuta karatasi za maelezo ya polisi. Bila maelezo ya mlalamikaji mwenyewe kuifuta shutuma yake, jina la Ella lingebaki kituoni, na kibali kingine kisingetolewa. Hilo alimweleza. Akamweleza pia kwamba lile la swichi na flashi angeliandika kama lilivyo, na wakubwa wake wangeamua.

"Naelewa," alisema Bi. Asia.

"Jina?"

"Asia Haruna."

"Umri?"

"Arobaini na sita."

"Dini?"

"Muislamu."

"Kabila?"

Hapo kalamu ya Skolastika ilisimama yenyewe. Ukumbini vijana walikuwa wamepiga makofi, wakanyamaza, filamu moja ikapita, na nyingine, na mama yule hakujibu, na sajenti hakumharakisha. Alikuwa ofisa wa polisi kwa miaka mingi na hakuwahi kumwekea mtu jibu mdomoni. Siku hiyo alimwekea.

"Mmanyema," alisema polepole. "Si ndivyo?"

Ukutani ikapenya sauti ya kizee, imekwaruza, haina haraka. Saad alikuwa kimya kweli. Bibi alikuwa anataja jina lake, Niyokwizera, na la baba yake, na la kilima chao. Kisha akaanza kuimba kidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, akasahau ubeti wa pili, akacheka. Hakuna kijana aliyecheka naye.

Bi. Asia alisikiliza mpaka mwisho.

"Hapana, afande," alisema. "Andika Mrundi. Mtoto wa Niyokwizera."

Skolastika akaandika.